Wimbo Aliowaimbia Panya Weupe

Ukifika Kabuta asubuhi, usiulize nyumba ya Mama Bénie, maana watakuuliza Mama Bénie yupi. Uliza Mama Panya. Hata mtoto anayejifunza kutembea atakuonyesha. Ni pale njia ya baiskeli inapopanda kutoka Ziwa Mweru, nyumba yenye bati upande mmoja na nyasi upande mwingine, na mbele yake sufuria la mafuta ambalo halipoi tangu alfajiri. Hapo ndipo wachuuzi wanaopeleka samaki bara husimama kununua vitumbua kabla ya kuanza safari. Na hapo ndipo, ukikaa kidogo, utakapoambiwa kwamba mwanamke huyu aliwahi kulipwa mshahara kwa kulea panya.

Sisi tulicheka tulipolisikia jambo hilo mara ya kwanza, kwa nini nidanganye? Panya tunawajua. Wa nyumbani anatoboa gunia la unga, tunamtegea. Wa shambani ananona wakati wa kiangazi, tunamkausha na kumla kwa bukari, ugali wetu, wala hatuoni haya. Lakini kumjengea panya nyumba, kumpa maji safi, kumbadilishia matandiko, halafu usimle? Nkonde, mshona nyavu, mtu ambaye domo lake halijawahi kupumzika, aliuliza ni muzungu gani huyo mwenye wazimu. Pierrette, maana hilo ndilo jina lake la ubatizo, akamjibu kwamba hakuwa muzungu, alikuwa mutu wa Kasenga, mweusi kuliko yeye Nkonde, na akaendelea kugeuza vitumbua vyake.

Mtu huyo wa Kasenga alikuwa Profesa Hugues. Alikuwa na maabara ndogo katika chuo kimoja mjini Lubumbashi, vyumba viwili vyenye madirisha mapana, na Pierrette aliajiriwa pale akiwa bado msichana, kwanza kupiga deki, kisha kuwatunza panya. Walikuwa panya weupe, wenye macho mekundu na masikio membamba kiasi kwamba mwanga wa dirishani ulipenya. Profesa alikuwa na swali moja alilolifuata maisha yake yote: ngozi huota saa ngapi?

Swali la kijinga, utasema. Hata Pierrette alidhani hivyo. Alidhani ngozi ni kama nguo, unazaliwa nayo, unaivaa mpaka ichakae. Profesa akamwambia hapana. Chini kabisa ya ngozi kuna seli, vitu vidogo visivyoonekana kwa macho, na kila seli hukua, ikishakua hujigawa zikawa mbili. Mpya zinazisukuma za zamani kwenda juu, za zamani zinakauka, zinabanduka, zinakuwa vumbi. Ule weupe unaouona kwenye muundi wa mguu mwezi wa saba, wakati wa baridi, kama hukujipaka mafuta, ndizo hizo. Kila siku mtu anaivua ngozi yake kidogo kidogo na kuvaa nyingine, na hajui.

Siku moja alimwita aangalie kwenye hadubini. Alikuwa amechukua kipande cha sikio la panya, kidogo kama punje ya ulezi, na Pierrette alipoinama, mwanzoni aliona kope zake mwenyewe tu. Kisha akaiona. Seli moja ilikuwa inajigawa, na ndani yake nyuzi nyuzi zimevutwa huku na huku, mfano wa wanawake wawili wanaokunja shuka, kila mmoja akivuta upande wake. Alisahau kupumua. Mpaka leo, ukimwuliza ni kitu gani kizuri zaidi alichowahi kukiona duniani, hatakwambia harusi wala ziwa. Atakwambia hicho.

Jibu la lile swali lilipatikana taratibu. Panya ni mtu wa usiku. Anakesha akikimbia, mchana analala. Na ilionekana kwamba seli za ngozi yake zilijigawa kwa wingi pale alipolala, ameshiba, hana wasiwasi. Akishtuka, zinapungua. Wanafunzi wakiingia na vicheko vyao, wakigonga milango, Profesa akihesabu siku hiyo anakuta chache, anatoka ameshika kichwa. Ndipo kazi ya Pierrette ikawa kutunza kimya. Alitembea miguu mitupu. Hakujipaka manukato. Panya walipolala, alifunga kitenge chake cha buluu chenye ndege kwenye kitasa cha mlango, na kitenge kikiwa pale, hata mkuu wa chuo hakuingia.

Na aliwaimbia. Haikuwa amri ya mtu, ilitoka yenyewe siku moja akibadilisha maji, wimbo ambao mama yake alikuwa akiwabembelezea watoto kule Kilwa ya Kongo, ng'ambo ya ziwa hili letu:

Lala, ziwa nayo imelala,
samaki nayo imefunga macho,
baba iko ku maji, atarudia,
lala, asubui iko yetu.

Panya waliinua pua, wakasikiliza, wakajikunja pamoja. Profesa Hugues alikuwa amesimama mlangoni. Alimwonyesha kwa mkono aendelee, na tangu siku hiyo wimbo ukawa sehemu ya kazi.

Sasa na hili nalo lisemwe, maana bila hili humjui Pierrette. Wale panya hawakufa kwa uzee. Wengine walikatwa kijeraha kidogo mgongoni ili ionekane ngozi inavyofunga, na ikishafunga, Profesa alihitaji kuiona yote, tabaka zake zote, na panya hawezi kukupa ngozi yake yote akabaki hai. Alilifanya mwenyewe, kwa dawa, kwa mkono mwepesi, na alitaka walale kwanza ili hofu isiwaguse. Kwa hiyo Pierrette aliimba, wao wakalala, kisha mkono ukaja. Alilijua hilo. Alisafisha vizimba, akaweka matandiko mapya, kesho yake akaimba tena. Kazi ni kazi.

Halafu umeme ukaanza kukatika wiki nzima, chakula cha panya kikawa hakifiki, na Profesa mwenyewe akaanza kukohoa. Maabara ikafungwa. Hakukuwa na mahali pa kuwapeleka waliobaki. Siku ya mwisho Pierrette aliimba tangu asubuhi, kizimba kimoja baada ya kingine, na alipomaliza hakukuwa na wa kumpa maji. Profesa Hugues alilia. Yeye hakulia, alikifungua kitenge mlangoni, akakikunja, akaondoka nacho. Na ule wimbo hakuuimba tena. Hata Bénie, mtoto wake wa pekee, alimlaza kwa nyimbo za kanisani.

Lakini usidhani aliichukia kazi ile. Aliikumbuka mno, ndiyo shida yake. Aliikumbuka harufu ya maranda ya mbao, kile kikoti cheupe chenye jina lake, mwanga wa saa nne ukiingia dirishani na kuwakuta wote wamelala. Akiwa peke yake kwenye sufuria la vitumbua, akili yake ilikuwa kule.

Mumewe, Apollinaire, alimpata aliporudi Kilwa. Alikuwa mvuvi wa chisense, hawa dagaa wetu wa Mweru, ambao wanavuliwa gizani kwa taa. Anaondoka jua likizama, anarudi alfajiri, anakula, analala mpaka jua lielemee magharibi. Siku za mwanzo za ndoa Pierrette aliwaambia dada zake, nimewakimbia panya, nikaolewa na panya. Wakacheka, naye akacheka, na maneno yenyewe akayasahau. Bunduki zilipofika vijiji vyao, walivuka na mtumbwi, mtoto, kitenge na karabai. Wakakaa kambini pamoja na wengine kwa muda, lakini Apollinaire haishi mahali asiposikia harufu ya maji, basi wakashuka hapa kwetu. Bénie aliolewa kule Mununga, wakabaki wawili.

Karabai ndiyo iliyoleta balaa. Wavuvi wote siku hizi wanatumia taa za betri, nyepesi, hazina moto. Apollinaire akakataa. Alisema samaki wanaijua karabai yake tangu Kongo, na hiyo ya betri inawaka kama jicho la maiti. Alibishana na kila mtu. Mwezi wa kumi, upepo ukageuka ghafla, mtumbwi ukayumba, karabai ikaanguka, na mafuta ya taa yakatiririka na moto wake juu ya mguu wake wa kushoto, toka gotini mpaka kifundoni. Nkonde, aliyekuwa naye, alimfunika kwa gunia lililolowa, ndiyo sababu ana uhai.

Kwenye kituo cha afya, Sista Eness, muuguzi wa pale, alimpokea vizuri. Mwanamke mpole, Mbemba wa upande huu, Kiswahili chake ni cha sokoni lakini mkono wake haukosei. Alisafisha, akafunga, akampa dawa, akawaambia warudi mara kwa mara, nao walirudi. Sehemu ya juu ya kidonda ilianza kufunga. Ya chini, karibu na kifundo, ikagoma. Mwezi mmoja, kimya. Mwezi wa pili, kimya, na rangi yake ikawa mbaya. Karibu na Noeli Sista Eness alisema bila kuficha: mwezi wa kwanza ukiisha kabla kidonda hakijaonyesha nia ya kufunga, atamwandikia barua ya kwenda hospitali ya Mansa, na huko, kama uozo umegusa mfupa, daktari atazungumzia kukata.

Apollinaire alicheka mbele ya Sista. Njiani, amekaa kwenye keria ya baiskeli, mke wake anaisukuma, aliuliza kama mutu wa mguu mmoja anaweza kusimama ndani ya mtumbwi. Pierrette aliendelea kusukuma. Alijua jibu, na mumewe pia alijua, na hakuna kazi nyingine Apollinaire aliyowahi kuipenda.

Sasa hapa ndipo sisi tunapoingia, na sifa haitatufuata. Kwetu mgonjwa hakai peke yake. Ukipita nyumba ya mgonjwa bila kuingia, watu watakuuliza una nini naye. Na ilikuwa miezi ambayo serikali imelifunga ziwa ili samaki wazae, wavuvi wote wako nyumbani, hawana mbele wala nyuma. Tukajaa kwa Apollinaire toka asubuhi. Wanawake walileta sombe ya majani ya muhogo, na sukari. Wanaume walileta makalio yao tu. Na kila aliyeingia alitaka kuambiwa mwanzo wa habari: ilikuwaje? Naye anasimulia, maana ni mtu wa watu, na kila akisimulia moto unaongezeka, hadi Noeli ulikuwa umempita kichwa. Akimaliza, ana jasho. Anaingia mwingine, anauliza, ilikuwaje?

Usiku sasa, tukishaondoka, alikuwa macho. Mwili uliozoea kukesha ziwani ungelalaje? Alitazama bati mpaka kunakucha, na kunapokucha sisi tunabisha hodi.

Siku moja baada ya mwaka mpya, jua la utosi, Nkonde yuko katikati ya kisa chake, Pierrette alitazama ndani kutoka kwenye sufuria lake. Akamwona mumewe macho yanamfumba, kichwa kinashuka. Nkonde akafika penye kicheko, akampiga paja kwa furaha, na Apollinaire akashtuka, na ngozi ya mguu ule mzima ikatetemeka toka juu hadi chini. Pierrette aliujua ule mtetemeko. Aliuona mara nyingi kwenye mgongo wa panya mweupe, mwanafunzi akibamiza mlango. Yale maneno aliyowaambia dada zake yakamrudia, nimeolewa na panya, na safari hii hakucheka. Vitumbua viliungua mpaka majirani wakasikia harufu.

Alienda kwa Sista Eness, akamweleza yote, panya, saa za kulala, hofu. Sista alimsikiliza. Alisema yeye alisomea watu, habari za panya hazijui, wala hawezi kuapa kwamba ngozi ya Apollinaire inafuata saa za panya. Ila usingizi angemwandikia mgonjwa yeyote, na kwamba huyu, aliyezoea kukesha ziwani, sasa halali usiku wala mchana, hakuwahi kuambiwa. Ajaribu tu, lakini dawa na bandeji visiachwe hata siku moja. Pierrette alirudi na moyo nusu, maana maneno ya Profesa yalikuwa yanamsumbua. Kila mgeni alipokuja maabara akaanza kuota ndoto kubwa za kutibu watu, Profesa alimkata kwa sentensi ileile:

"Mutu haiko panya. Lakini bote beko na ngozi."

Kesho yake alikitoa kitenge cha buluu chini ya sanduku. Ndege wake walikuwa wamefifia. Akakifunga mlangoni, msumari hadi msumari, na kila aliyekuja alimwambia kwa adabu kwamba mzee amelala, arudi jioni.

Ee, tulisema! Tulisema anamficha. Tulisema mguu umeshaoza, anaona aibu ya harufu. Wengine wakasema ana dawa za kwao Kongo zisizotaka kuonwa na watu, na mmoja, simtaji, akasema anamgeuza panya ili apate tena wa kulea. Wapo ambao hawakusema, walisikiliza tu, lakini kusikiliza nako ni nusu ya kusema. Emilienne, kiongozi wa kwaya ya kanisa lao, mwanamke aliyevuka ziwa mwaka uleule na Pierrette, aliacha kumsalimu.

Na mgonjwa mwenyewe alikuwa mbaya kuliko sote. Alinuna. Alisema mke wake amemzika angali hai. Aliita watu kupitia dirishani. Akilazwa, anageukia ukuta, na usingizi hauji, kwa sababu kulipokuwa kimya ndipo aliposikia vile mafuta yalivyovuma yakishika moto. Siku ya tatu hivi, asubuhi, Pierrette alikaa pembeni ya kitanda akiwa ameishiwa maarifa, na Apollinaire akasema bila kugeuka:

"Uniimbie ile ulikuwaka unaimbia bapanya."

"Ile hapana."

"Juu ya nini?"

Miaka yote ya ndoa alikuwa amemsimulia nusu ya kwanza tu, usingizi na kitenge na hadubini. Sasa akamwambia nusu ya pili. Aliisema akitazama mikono yake.

"Kila mwenye niliimbiaka ile wimbo, hakuamuka tena. Njo maana hata Bénie sikumuimbiaka."

Apollinaire aligeuka taratibu, kwa sababu ya mguu, akamtazama mke wake kama mtu anayemwona mara ya kwanza leo.

"Miye siko panya, Mama Bénie," akasema. "Imba."

Akaimba. Sauti ilianza na kutu, ikakwama penye samaki, na mgonjwa akaona hapo hapo nafasi yake, akanong'ona kwamba samaki hana kope, atafungaje macho? Pierrette akamwambia anyamaze. Akaanza upya. Mara ya pili hakusahihishwa, na mara ya tatu alisikia pumzi imebadilika. Apollinaire alikuwa amelala, mdomo wazi, mkono umeanguka nje ya kitanda.

Hapo hofu ikampanda. Alijua kwa akili kwamba hakuna mkono utakaokuja. Lakini mwili wake ulikuwa umejifunza kwamba baada ya wimbo huu mkono unakuja, na hakuweza kuuambia mwili vinginevyo. Akamwekea kiganja kifuani. Kinapanda, kinashuka. Hakuthubutu kuondoka wala kumwamsha, na alimwomba Mungu amsamehe kwa ajili ya wale wote wadogo na amwachie huyu.

Basi si ndio akasikia nyayo za watu uani. Emilienne alikuwa amekata shauri: kama anamfungia mume ndani, tutaenda na Mungu tuone kama Mungu naye atafungiwa. Alikuja na kwaya nzima, wamevaa sare, blauzi nyeupe na vitenge vya parokia, na ngoma. Pierrette aliinama chini ya kitenge chake, akatoka, akasimama mlangoni.

"Mama Bénie," Emilienne akasema, "tangu lini mugonjwa anafungiwaka mulango?"

Pierrette alitaka kueleza. Alitaka kusema habari za seli na Profesa na mtetemeko wa ngozi, lakini kilichotoka kilikuwa kingine.

"Amelala. Miye nilisha kulalisha bengi benye habakuamuka. Muniache nione huyu anaamuka." Kisha akasema taratibu zaidi, "Mukae na miye."

Sijui Emilienne alielewa nini. Panya hawakuwa akilini mwake, hilo nina hakika. Lakini katika ule mwaka wa bunduki yeye alilaza watoto wawili njiani, chini ya mti, na asubuhi akaamka na mmoja. Alimtazama Pierrette usoni. Akachukua ngoma kwa yule aliyeibeba, akaigeuza uso chini, akakaa mchangani na sare yake safi. Wengine nao wakakaa.

Wakakaa mchana kutwa. Wanawake kwa safu, weupe, hakuna anayesema neno, jua linawachoma. Pierrette katikati yao, macho kwenye kitenge. Wachuuzi wa samaki waliopita waliwaona, wakashuka kwenye baiskeli zao, wakavua kofia. Maana niambie wewe, ukikuta wanawake wamekaa chini kimya mbele ya nyumba ya mgonjwa, utafikiri nini? Mmoja akakimbia ziwani na habari kwamba Apollinaire hayupo tena. Nkonde alikuja mbio, kandambili moja imebaki njiani, analia kwa sauti, na Emilienne akamwekea kidole mdomoni kwa ukali hata kilio kikakatika. Akakaa. Wavuvi wengine wakafika, wakaonyeshwa kidole, wakakaa. Wanaume wenye miili yao, wanalia bila sauti, na hakuna aliyewaambia kitu, maana kwenye kimya kile nani angeanza kueleza?

Jua lilikuwa limeelemea magharibi kitenge kilipotikisika. Apollinaire akatokea, kafumba jicho moja kwa mwanga, nywele zimelala upande mmoja, anaegemea fimbo. Akauona ua umejaa. Akaziona sare, akamwona Nkonde na machozi yake. Akapata wasiwasi wa kweli.

"Nani alikufa?" akauliza.

Pierrette akasimama.

"Hakuna," akasema. "Hakuna mutu alikufa."

Na hapo ndipo alipolia. Alilia kilio ambacho kilimpasa akilie Lubumbashi siku ile alipokikunja kitenge, alilia mpaka Emilienne akamshika mabega, na mumewe anauliza jamani kuna nini, mbona hakuna chakula. Nkonde alipoelewa alikasirika vibaya sana. Alisema amekimbia toka ziwani na kiatu kimoja kwa ajili ya mtu aliyekuwa anakoroma. Ndipo ua wote ukacheka, na ndipo ngoma ikageuzwa uso juu.

Kuanzia hapo tulijua adabu. Mgonjwa anatembelewa jioni. Mchana, anayetaka kumwona anakaa nje ya kitenge, anakaa kimya, na kukaa huko kumehesabiwa kuwa kumwona. Pierrette aliimba kila asubuhi. Kidonda hakikufanya muujiza. Kilikaa vilevile kwa siku nyingine nyingi, akaanza kukata tamaa upya. Kisha, katika wiki ileile ambayo barua ya Mansa ilipaswa kuandikwa, Sista Eness alifungua bandeji, akainama, akamwita Pierrette aangalie. Pembeni, kuzunguka kidonda chote, kulikuwa na ukingo mwembamba wa rangi ya waridi, unang'aa, umeanza kwenda katikati, kama utando wa uji unaoanzia ukingoni mwa bakuli. Sista alisema barua isubiri. Wiki iliyofuata alisema barua basi.

Ilikuwa ni usingizi? Ilikuwa ni dawa? Pierrette mwenyewe ukimwuliza anamsifu Sista Eness na kukukumbusha kwamba mutu haiko panya. Ila siku ile kituoni alitamani Profesa Hugues awe hai, na hadubini yake, amwombe atazame ule ukingo mara moja tu. Alijua wangekuwemo, wale wanawake wawili na shuka lao, kila mmoja akivuta upande wake.

Ziwa lilipofunguliwa mwezi wa tatu, Apollinaire alishuka kwa miguu yake miwili, kovu linamwasha, akapanda mtumbwi. Nkonde aliapa hatapanda kama karabai inapanda, kwa hiyo sasa wana taa ya betri, na karabai imetundikwa ukutani inaliwa na kutu, naye huipangusa Jumapili. Alfajiri anarudi, anakula, anaingia. Kitenge kinafungwa msumari hadi msumari. Sisi tukipita tunapunguza sauti, na wachuuzi wameacha kupiga kengele za baiskeli pale. Kutoka ndani unasikia ziwa nayo imelala, samaki nayo imefunga macho, na hakuna anayebisha tena habari za kope.

Jioni anaamka. Anatoka amekunja uso, anakaa kwenye kigoda, analalamika kwamba vitumbua alivyobakiziwa ni vya baridi tena vina mafuta mengi. Pierrette anaweka mwiko chini na kumsikiliza mpaka amalize.